Ngumi Zisizosikika

Nilijua jirani yangu ananiachia nishinde siku alipougulia ngumi ambayo sikuwa nimeipiga. Nilikuwa nimeweka padi ya gemu mapajani ili nijikune mguu. Yeye, pale kando yangu kwenye kochi, akaguna, akasema nimemmaliza, kisha akashusha pumzi ya mtu aliyeonewa. Sikuwa nimegusa kitufe hata kimoja. Niliendelea kujikuna, nikamwacha afe peke yake.

Lakini nianze mwanzo, maana ukianzia hapo utadhani nagombana na majirani bure.

Mimi ni kipofu. Kazini kwetu wako wanaosema "asiyeona", na mmoja alienda semina akarudi na "mwenye changamoto ya kuona", jina refu kuliko fimbo yangu. Sina changamoto yoyote ya kuona. Sioni, basi, na nimezoea. Changamoto yangu ni watu wenye macho. Kazi yangu ni kupokea simu katika kiwanda kimoja cha Thika, na kwa muda mrefu niliishi huko huko Thika kwa mama, katika chumba kile kile nilicholala nikiwa msichana. Nilihama nikiwa mtu mzima kabisa, na mvi zangu kadhaa nilizopashwa habari zake na msusi, nikapanga nyumba ya chumba kimoja na sebule huku Ruiru, upande wa Mwiki.

Watu wakiniuliza kwa nini nilihama, huwaambia ni drafti. Wanadhani natania. Nyumbani tulicheza drafti ya vifuniko vya soda: vya mchezaji mmoja vimelala kifudifudi, vya mwenzake vimekaa chali, kwa hiyo kidole kinaweza kuusoma ubao wote. Nilikuwa bingwa. Niliwashinda kaka zangu, dada zangu, watoto wa mtaa mzima, hata mjomba aliyekuwa amepita tu kuazima jembe. Niliringa vibaya sana. Kisha likizo moja akaja binamu yangu kutoka mashambani, mtoto ambaye hakuna aliyemweleza lolote, akanilia kete zote kabla maji ya chai hayajachemka. Nikalia, si kwa uchungu bali kwa mshangao. Na hapo nikamsikia mama akimvuta jikoni, akimfinya hadi akaguna, na kumnong'onezea kwa ukali, "Hukuambiwa? Huyu huwa tunamwachia."

Masikio yangu hayakuwa na shida yoyote. Ubingwa wangu wote wa utotoni uliishia mlangoni pa jikoni ile. Sikumwambia mama kwamba nilisikia, wala sikumsamehe sawasawa, ingawa nampenda na yeye anajua. Kuanzia siku hiyo kila niliposhinda kitu pale nyumbani, nilijiuliza ni nani amefinywa.

Binamu huyo huyo, ambaye siku hizi ana mke na watoto kule Kahawa Sukari, ndiye aliyeniletea gemu. Ni gemu ya kupigana. Watu wawili wanasimama uwanjani, kila mchezaji anachagua wake, mnatwangana hadi mmoja alale. Mwenye macho anaangalia picha. Mimi nasikiliza. Yule aliye kushoto miguu yake inasikika kushoto, na akisogea katikati sauti inasogea naye. Kabla ya teke kuna kuvuta pumzi. Kabla ya ngumi ya juu kuna mshindo mdogo wa mkono wa shati. Ukijua hivyo, hakuna kitu unachofichwa. Mchezaji wangu ni mzee fulani ambaye hukohoa kila raundi inapoanza, kikohozi cha mwenye nyumba anayetaka kujulikana amefika, na nikikisikia damu yangu inachangamka.

Jirani wa mlango wa pili alikuja mara ya kwanza akidhani nauawa. Ni mtu wa magharibi mwa Kenya, anafanya kazi ya zamu kiwandani hapa Ruiru, na kwa kuwa mkewe alijifungua mapacha sisi wapangaji wa ploti nzima tunamwita Baba Mapacha. Jumapili moja alasiri alisikia mwanamume akipiga mayowe nyumbani kwangu, akaacha ugali jikoni na kuja mbio na mwiko mkononi. Alichokuta ni mimi na padi, namuua mtu. Alisimama mlangoni kwa muda, mwiko unadondosha unga kwenye kapeti yangu, halafu akauliza kama anaweza kujaribu.

Nilimpiga mpaka ugali wake ukaungua. Jumapili iliyofuata akarudi na mkewe ili ashuhudie kwamba jambo hilo linawezekana. Iliyofuata wakaja wengine wa ploti, na haikupita muda sebule yangu ikawa mahali ambapo watu wazima, baada ya kanisa, huja kupigwa na kipofu. Walinitania, walinibishia, walimaliza chai yangu. Baba Mapacha alijifunza. Aliponishinda mara ya kwanza aliruka hadi kochi likalia, akaniambia niende sokoni nikauze sukuma wiki. Hakuna aliyewahi kunitukana kwa furaha namna hiyo. Nilikuwa na raha ambayo sijui niieleze vipi, isipokuwa kusema kwamba nilishindwa na hakuna aliyekuwa amefinywa.

Sasa mama. Mama hakukubali nihame, alikubali nijaribu, na kwake hayo ni mambo mawili yasiyojuana. Ananiita maitu, yaani mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, na akishakuita mama yake huna tena nguvu za kubishana naye. Swali lake lilikuwa moja: nikianguka bafuni, nani atajua? Nilimwambia majirani. Akasema majirani wa mjini hawajui hata jina la anayelala ng'ambo ya ukuta wao. Tukaelewana kwamba atakuja Pasaka aone mwenyewe, na kama haoni watu, ninarudi Thika kwenye kitanda changu. Najua nilikuwa na haki ya kukataa. Mshahara ni wangu na umri ni wangu. Lakini anayedhani mama yangu hukataliwa hajakutana naye. Hafoki kamwe, angefoka ningemshinda. Yeye huongea polepole kwa upole, na unashtukia unapanga nguo.

Kabla ya Pasaka alikuja mara moja na wanawake wenzake wa kanisa kuiombea nyumba, maana nyumba mpya isiyoombewa ni kama umeacha mlango wazi. Waliimba, waliomba chumba baada ya chumba, walikemea pepo wa kuanguka bafuni kwa jina lake kamili. Na mama alikuwa amekuja na vitambaa. Ukitaka kujua kiasi cha mapenzi ya mama wa Thika, hesabu vitambaa vya kroshia. Viti vilivalishwa, meza ikavalishwa, friji ikapata kofia, mtungi wa gesi ukapata sketi. Wufa ya kompyuta, ambayo ndiyo spika yangu kubwa inayolisha zile ndogo mbili za kushoto na kulia, ilishonewa gauni zima lenye maua na marinda, lililobana kila upande, likafungwa nyuma kwa fundo la mama mwenyewe. Alikuwa amefikiria hata waya: nyuma aliacha kitundu kidogo cha uzi ili pini ya waya wa sauti ipitie hapo. Wanawake wakashangilia. Mimi nikapitisha mkono juu ya maua, nikasema asante, na nilimaanisha.

Jumapili iliyofuata nikawasha gemu, muziki ukaanza kama kawaida. Raundi ikafunguliwa. Mzee wangu hakukohoa.

Hakukuwa na miguu wala pumzi. Hakukuwa na ngumi. Muziki ulikuwa unacheza, tena kwa mbali kidogo, kama wa harusi ya mtaa wa pili, lakini wale watu wawili walikuwa wamenyamaza kabisa. Nilisimama katikati ya uwanja nikibonyeza, na Baba Mapacha, ambaye alikuwa haelewi lolote, alinilaza kwa dakika moja na kuimba.

Nikamwambia hakuna sauti. Akasikiliza kwa makini, akaniambia, "Lakini madam, sauti iko."

Hiyo sentensi nilikuja kuichukia. Mwenye macho akisikia chochote kinalia basi kwake sauti iko. Anaona ngumi, anasikia muziki, akili yake inaunganisha na kumwambia amesikia ngumi. Nililazimika kumfunga macho Baba Mapacha kwa leso yangu na kumwambia acheze. Alibonyeza mara mbili tatu, akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba kweli hao watu wameenda wapi.

Tukaanza kutafuta. Kompyuta yangu inanisomea skrini kwa sauti ya mwanamke fulani mkavu, nami humsikilizia kwenye kisikizi cha sikio moja chenye waya wake tofauti, ili wageni wasisikie barua zangu. Huyo mwanamke aliniapia kwamba sauti imejaa mia kwa mia. Ila ndani ya gemu hana uwezo. Menyu za gemu hamsomei mtu. Mimi nilikuwa nimezikariri kwa milio yake, mlio huu ni kuingia, ule ni kutoka. Sasa milio yenyewe imepotea. Kwa maneno mengine, ili nirudishe sauti nilihitaji sauti. Nilicheka peke yangu kwa hasira.

Baba Mapacha akanisomea menyu. Muziki umejaa, mayowe yamejaa, mapigo yamejaa. Tukavipunguza vyote, tukavirudisha. Nikampigia binamu simu, naye, kama watu wote wanaojua kompyuta, akaniambia niizime niiwashe. Nikaizima nikaiwasha. Akaniambia niifanyie apdeti. Niliifanyia apdeti hadi ikawa inajizima na kujiwasha yenyewe kwa uchungu, nikadhani inaokoka. Nikakagua waya, upande wa kompyuta, nikaenda na upande wa wufa, nikasukuma pini pale kwenye kitundu cha mama. Ilikuwa imekaza kabisa, haichezi hata kidogo. Nikatosheka kwamba shida si waya.

Tukabeba kompyuta kwa fundi mjini Ruiru. Fundi alimwuliza Baba Mapacha, "Anataka nini?" Nikamjibu kwamba anataka sauti. Alikohoa kidogo, akaichomeka kwenye spika zake, akafungua gemu, na pale dukani, mbele ya watu waliokuja kubadilisha vioo vya simu, mzee wangu akakohoa. Nilimshika Baba Mapacha mkono. Miguu ilikuwepo, pumzi ilikuwepo, meno yaling'oka vizuri kabisa. Fundi akasema sauti iko, na kwa mara ya kwanza mtu aliyesema hivyo alikuwa anasema kweli. Tukairudisha nyumbani. Kimya.

Hapo hata mtoto angeelewa kwamba shida iko kwenye wufa. Fundi aliniambia kwa simu niilete aifungue, huenda imeungua ndani. Baba Mapacha akaenda kwake akaleta mkasi. Nikamwambia arudishe mkasi huo alikoutoa. Wufa ilikuwa imevaa gauni la mama, na gauni limefungwa kwa fundo lake, na kati ya vitu vyote ambavyo angevikagua Pasaka, hilo fundo lingekuwa la kwanza. Nilimweleza kwamba mama akikuta wufa iko uchi hatauliza habari ya ngumi, atauliza nini kingine ndani ya nyumba hii kimenishinda kutunza. Alicheka, akaniambia mimi ni mtu mzima. Nikamwambia yeye hamjui mama yangu.

Basi nikaamua kuvumilia hadi Pasaka ipite. Niliona ni busara. Nilikuwa nacheza kwa kubahatisha, nikipiga hewa, na mwanzoni Baba Mapacha aliniua kwa furaha yake ya kawaida, na sikujali, maana nilijua siku zangu zitarudi. Lakini polepole kelele zake zilipungua. Akaacha kuimba. Akaacha kunituma nikauze sukuma. Kisha, jambo la ajabu, nikaanza kushinda. Nilishinda raundi moja, nikashinda nyingine, na wale wengine wa ploti wakanipigia makofi, makofi laini ya kumpongeza mtoto aliyemaliza uji. Na mimi, mjinga, nilijiambia labda masikio yangu yamejifunza kusikia kupitia muziki. Ndipo siku ile nikajikuna mguu.

Nilisubiri wengine waondoke. Nikamwuliza, "Umekuwa ukiniachia?"

Kwao mapacha walikuwa wanalia. "Nilikuhurumia, madam," akasema. "Ilikuwa haina raha tena. Ni kama napiga mtu amelala."

Sikumjibu vizuri. Nilimwambia achukue huruma yake aende akawapikie wanawe, na kwamba kama nilitaka kuachiwa, kulikuwa na familia nzima Thika iliyosomea kazi hiyo. Aliweka padi mezani polepole na kufunga mlango bila kuubamiza, na huo upole wake ulinikera kuliko kitu chochote. Niliumia. Nilikaa pale kwenye kochi nikiwa nimeshika padi yake, bado ina joto, nikajiona nimehama Thika na kubeba jikoni ile nzima hadi Ruiru.

Jumapili iliyofuata hakuna aliyebisha hodi. Wala iliyofuata.

Mama alikuja Jumatatu ya Pasaka. Nilimsikia tangu kwenye ngazi, na nilisikia alichobeba: mfuko ule mkubwa wa nailoni wenye zipu, ambao ukiwa na kitu ndani hukaa kimya na ukiwa mtupu hupiga kelele kila hatua. Ulikuwa unapiga kelele. Aliuweka sakafuni karibu na mlango wa chumba cha kulala, akanikumbatia, akauliza habari zangu, na wakati namjibu vidole vyake vilikuwa tayari vinapita juu ya rafu.

Nilikuwa nimejiandaa. Nyumba nilikuwa nimeipiga deki, chapati zilikuwa kwenye bakuli la kuhifadhi moto, na gemu nilikuwa nimeiacha inacheza muziki wake pale kwenye menyu ili nyumba isionekane imepoa. Ambacho sikuwa nacho ni majirani. Mama alikunywa chai yake hadi nusu, halafu akauliza kwa ule upole wake, "Na watu wako wako wapi?"

Nikamwambia wamesafiri, wameenda kwao kwa Pasaka. Wakati huo huo, ng'ambo ya ukuta, mapacha wakaanza kulia wote wawili, na baba yao akasikika akiwabembeleza kwa wimbo wa kwao.

"Hao ni wa nani?" akauliza mama.

"Ni majirani."

"Hawakusafiri."

"Hapana, mama."

Angesema kitu zaidi ningekuwa na la kujibu. Aliinuka, na kwa mwendo wake nilijua anakagua vitambaa, kimoja baada ya kingine, anakung'uta hiki, ananyoosha kile. Nilibaki kwenye kiti nikihesabu kichwani nguo zipi zitatangulia kwenye mfuko. Akafika kwenye wufa. Akapiga chafya.

"Maitu, hii imejaa vumbi," akasema. "Hata huwezi kujua." Na akaanza kufungua lile fundo lake, ambalo mimi nilikuwa nimeliogopa wiki zote hizo, akalivua lile gauni zima na kuchomoa waya uliokuwa umepita kwenye kitundu. Muziki ukakatika. Akaniita nije nirudishe waya wangu kabla haujampiga shoti, yeye akatoka nje kwenye veranda na kuanza kulikung'uta lile gauni kwenye reli.

Nilipiga magoti nyuma ya wufa. Nikalitafuta tundu lake kwa kidole, nikasukuma pini. Iliingia, ikafika pale ilipozoea kufikia, kisha ikaendelea. Ilienda mbele kidogo zaidi, upana wa ukucha tu, ikagonga kitu ndani na kutulia.

Gemu ile ukiiacha kwenye menyu bila kuigusa, huanza kupiganisha watu wake yenyewe. Mbele yangu, kwa sauti nzito na safi kabisa, mzee wangu akakohoa.

Mama aliingia kutoka veranda mara moja. "Kuna mwanamume humu?" Nikamsikia akipita sebule, akifungua chumba cha kulala, akifungua kabati. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, nacheka huku machozi yananitoka, maana miguu ilikuwa imerudi, pumzi zilikuwa zimerudi, na kushoto kwangu mtu alikuwa anapokea teke la mbavu linalosikika vizuri kuliko redio. Nilimwomba anipe lile gauni. Nikatafuta kile kitundu cha waya. Uzi ulikuwa mnene, umezungushwa mara mbili ili uwe imara, kazi ya mtu anayejali. Pini ilikuwa imebanwa hapo, ikakaza, lakini haikuwa imefika mwisho. Baadaye binamu alinieleza kwamba pini isipofika mwisho, vile vitu vinavyotoka kwenye spika zote mbili kwa pamoja, sauti ya mwimbaji, mazungumzo, mapigo, hufutana na kupotea, na kunabaki tu vyombo vya pembeni. Aliyafahamu hayo yote na hakuyakumbuka nilipomhitaji. Wajuzi ndivyo walivyo.

Sikumweleza mama kwanza. Niligonga ukuta kwa ngumi, mara nyingi, kama mtu anayeungua. Baba Mapacha alifika mlangoni akihema, na kwa harufu nilijua amekuja na mwiko.

Alimsalimia mama kwa heshima zote, shikamoo na kila kitu, kisha akasimama hajui kama amesamehewa. Nilimpa padi. Nikamwambia akae apigwe. Mzee wangu akakohoa, nikamsikia Baba Mapacha akishtuka, akasema polepole, "Amerudi." Raundi ya kwanza nilimmaliza haraka sana. Ya pili pia nilishinda, lakini kuna teke moja lake nililolisikia linaanza, pumzi imevutwa kabisa, halafu likarudishwa. Nikasimamisha gemu.

Nikamwambia anarudia yale yale. Akakana. Nikamwambia nimesikia mguu ukirudi. Mama, ambaye alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni na gauni la wufa mapajani, aliuliza tunagombania nini. Mwishowe Baba Mapacha, kwa aibu ya mtu mzima mbele ya mzazi, akamweleza: kwamba sauti ilipotea, kwamba hiki kitambaa labda ndicho kilichoizuia, kwamba alianza kuniachia nishinde, kwamba nilijua, kwamba nilimfukuza na sasa hivi mguu wenyewe ulirudi kwa mazoea tu.

Nilijua mama alikokuwa. Mimi pia nilikuwa nimeenda huko huko, kwenye ile jikoni, na maji ya chai hayajachemka. Hatukuwahi kuzungumzia siku ile, yeye na mimi, na sikufikiri tutaizungumzia mbele ya mtu mwenye mwiko. Kisha nikasikia zipu ya mkoba wake, na sindano ya kroshia ikianza kufanya kazi. Alikuwa anafumua. Nyuzi zilikuwa zinakatika na kuvutwa, na kile kitundu kilikuwa kinapanuliwa.

"Baba Mapacha," akasema bila kuinua sauti, "usimwachie. Mimi nilimwachia miaka yote, akahama."

Nikabonyeza kuendelea, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Sitadanganya kwamba nilishinda. Nilimsikia vizuri, kila hatua, kila pumzi, na bado alinikamata kwenye kona ya kushoto akanitwanga ngumi ambazo zingeangusha nyumba, na mzee wangu akalala chini na mlio mrefu wa aibu. Nilishindwa kihalali. Baba Mapacha alijisahau, akaruka, kochi likalia, na mbele ya mama yangu mzazi akaniambia niende nikauze sukuma.

Nikamsubiri mama akasirike. Akacheka. Alicheka kicheko kikubwa ambacho sikuwa nimewahi kukisikia nikiwa nimeshindwa kitu, hadi akaweka sindano chini. "Mpige tena," akasema.

Alinipiga tena. Baadaye nikampiga yeye. Mama alilirudisha gauni kwenye wufa, akapitisha waya kwenye kitundu kipya, akanishika mkono ili nisukume pini mwenyewe na nihakikishe imefika. Jioni, alipokuwa anajitayarisha kurudi Thika, niliusikia ule mfuko wa nailoni ukiinuliwa, bado unapiga kelele. Akaukunja, akaukunja tena, hadi ukatosha ndani ya mkoba wake.